Kadi ya Ishirini na Mbili

Huruma, Eldoret
Jumanne, 4 Februari 2025

Kwa Shemeji Okeyo,

Nakusalimu wewe pamoja na dada yangu Ciru. Natumaini hapo Munyaka mko salama na kile kikohozi cha vumbi kimekuacha. Sisi huku tu wazima. Mwili hauna neno. Moyo ndio una shida, na aliyeuletea shida ni wewe, kwa hivyo wewe ndiye nakuandikia.

Ungeshika simu tungeongea. Lakini pia katiba ya klabu, ile mimi na wewe tuliandika kwa daftari moja, inasema rufaa ni kwa maandishi, ndani ya siku thelathini, na inapelekwa kwa mwamuzi aliyetoa hukumu. Leo ni siku ya pili. Sijachelewa.

Naeleza mambo kana kwamba huyajui, kwa sababu barua hii itakaa kwa faili na kuna watakaoisoma ambao hawakuwa pale.

Juzi Jumapili, kwenye ukumbi wetu nyuma ya saluni ya Brigid, nilikuwa nacheza fainali ya Ngome, mchezo wetu wa kadi, na Walubengo. Zamu yangu ya kumi na nne ilipofika, kabla sijagusa rundo langu, nilisema kwa sauti: "Sasa zinakuja Kifaru, Daraja na Mlinzi." Walubengo akacheka. Aloo, ambaye hata hakuwa anacheza, akapiga kelele: "Huyu amepanga kadi!" Watu wakasimama. Wewe mwamuzi ukaja, ukaniuliza nimejuaje, nikasema nimehesabu, na kabla sijameza mate rundo langu lilikuwa ndani ya bahasha. Jana asubuhi kukawa na tangazo kwa mlango: "Gichuru amefungiwa mwaka mmoja kwa udanganyifu."

Shemeji, mwaka si kitu. Naweza kukaa mwaka bila kucheza. Ni hilo neno la mwisho. Unajua nilianza kushona mabegi na sindano ya mkono, nimekalia kreti nje ya duka la mtu mwingine. Leo nina cherehani tatu na watu wananiachia mabegi yao bila risiti. Jana mteja amenishikia begi yake kifuani, akasema, "Fundi, nasikia unaonanga vitu bila kufunua. Niambie basi ndani ya hii begi kuna nini, ama ushachukua?" Alikuwa anatania. Hata mimi nilicheka. Lakini begi aliondoka nayo.

Sasa hesabu. Rundo la Ngome ni kadi arobaini, kila mchezaji na lake, na hakuna kadi unaruhusiwa kuwa nayo zaidi ya mara tatu. Unaanza na tano mkononi. Kila zamu unavuta moja. Mimi kwa zile tano za kwanza nilipata Ungo. Zamu ya kwanza nikavuta moja, ya pili nikavuta moja, na hiyo ya pili nikauweka Ungo mezani. Arobaini toa tano, toa mbili, zikabaki thelathini na tatu.

Ungo ukishakaa mezani, huvuti tena kama watu wengine. Unatazama kadi tatu za juu, unachukua moja mkononi, na zile mbili unaziweka chini kabisa ya rundo, kwa mpangilio unaotaka. Hauongezewi kadi hata moja. Unapata moja kwa zamu kama mwenzako. Tofauti ni kwamba yeye anapokea anachopewa, wewe unachagua. Kama kuna kadi unaitafuta na ziko tatu kwa zile thelathini na tatu, mvutaji wa kawaida ana nafasi moja kwa kumi na moja. Mwenye Ungo ana karibu moja kwa nne. Ndiyo maana nawaambia kila siku, hawanisikii: kadi inayopiga si kitu, kadi ni ile inakuchagulia.

Kila zamu, tatu mpya. Thelathini na tatu gawa kwa tatu ni kumi na moja. Kutoka zamu ya tatu hadi ya kumi na tatu ni zamu kumi na moja. Kwa hivyo nilipofika zamu ya kumi na nne, sikuwa na kadi hata moja kwa rundo ambayo sijaiona. Zilibaki ishirini na mbili, zote nilizikataa mimi mwenyewe, mbilimbili, na zimelala vile nilizilaza. Za juu zilikuwa zile za zamu ya tatu. Kwa nini nisizijue?

Huo si uganga. Hiyo ni kukumbuka. Naomba hilo neno liondolewe kwa mlango.

Ciru amekubali kubeba barua. Amesema habebi maneno ya mdomo, kwa hivyo usimtume na "mwambie hivi, mwambie vile".

Ni mimi shemeji yako,
Gichuru


Munyaka
Jumapili, 9 Februari 2025

Shemeji Gichuru mpendwa,

Nimepokea barua yako na salamu zake, na mimi nakurudishia salamu mara mbili. Kikohozi kimepungua. Dada yako hajambo, ila ametuita sote wawili watoto, na amesema niandike hivyo, nami nimeandika.

Nimesoma hesabu yako mara tatu. Mimi ni mwalimu, hesabu sahihi naijua nikiiona. Lakini nielewe, shemeji. Hesabu nzuri inaweza kuandikwa baada ya tukio. Mtu aliyepanga kadi usiku wa kuamkia fainali angeweza pia kuketi Jumanne aandike barua kama hiyo. Mwamuzi haangalii kama maelezo yanaingia akilini. Anaangalia kama kuna ushahidi.

Na ushahidi tunao. Bahasha yako haijafunguliwa. Walubengo na Leonida, mwanachama mwenzetu, waliweka sahihi juu ya gundi siku ileile, na iko kwenye kabati la shule, ufunguo ninao mimi. Ndani ni rundo lako vile lilivyokuwa nilipolichukua. Kadi za mkononi na zile ulizokwisha kutumia ulizibeba wewe.

Basi fanya hivi. Kama kweli zilizobaki ni ulizokataa, na unazikumbuka, ziandike. Zote, kwa mpangilio, kutoka ya juu hadi ya chini. Niletee kabla ya Jumapili ijayo. Nitaifungua bahasha mbele ya wale waliotia sahihi, na Leonida atasoma orodha yako huku Walubengo akifunua.

Sikuahidi kitu. Nakupa nafasi ambayo ningempa yeyote.

Usikasirike na Aloo. Aloo hupiga kelele hata kanisani.

Shemeji wako,
Okeyo


Huruma
Jumatano, 12 Februari 2025

Shemeji Okeyo,

Habari za siku nne tano hizi? Huku tunashukuru. Mafundi wangu wawili wameshikwa na homa, kwa hivyo cherehani tatu nimeziendesha mimi, nikihama kiti kama mtu anayecheza kinanda. Hilo halijanizuia kuandika.

Umesema ungempa yeyote nafasi hii. Mimi si yeyote. Mimi ndiye nilikaa na wazee wetu tukanywa chai wakati mlikuja kumchumbia Ciru, na nikasema huyu Mjaluo mpeni, ana adabu. Kwenu nasikia mkwe anaheshimiwa hadi watu wanaogopa kula mbele yake. Wewe mkwe umemwandika kwa mlango. Haya, nimeshasema. Naendelea.

Orodha iko kwa karatasi ya pili, kadi ishirini na mbili, nimezipa nambari. Za kwanza tano ni Kifaru, Daraja, Mlinzi, Daktari, Mzinga. Ya mwisho ni Kunguru, ambayo niliikataa zamu ya kumi na tatu huku nikisikia Walubengo akinong'ona, "Fanya haraka, mzee, mama anangoja chapati." Muulize kama hakusema hivyo. Mimi nakumbuka kila kadi kwa kile kilichokuwa kikiendelea nikiikataa.

Kabla ufungue, fikiria jambo moja, kwa sababu baada ya kufungua utaona zimefuatana na utasema, naam, alizipanga.

Mwizi huiba nini? Anayepanga rundo anapanga kadi nzuri zije juu. Sasa angalia hizo zangu. Kifaru ni nzuri, hiyo sikatai, lakini inataka kuni nane ili icheze, na zamu ya tatu nilikuwa na kuni tatu. Nikaiweka chini nikijua itarudi. Hizo nyingine? Daraja, na mimi sikuwa na mto. Mlinzi, na lango langu lilikuwa limeshavunjwa. Nguo za Sherehe. Kunguru wawili. Hayo ni makapi, shemeji. Mtu akipepeta mahindi anabaki na mahindi kwa ungo na makapi kwa miguu. Ungo wa Ngome ni tofauti kidogo tu: hayo makapi hayaendi na upepo, yanakungoja chini ya rundo, na mchezo ukirefuka sana utayala yote. Hiyo ndiyo bei ya kuchagua. Wachezaji wetu hawaioni kwa sababu michezo yao huisha zamu ya kumi.

Nani amewahi kuiba makapi, akayapanga kwa utaratibu, akajiwekea?

Fungua sasa. Ziko ishirini na mbili.

Shemeji yako,
Gichuru


Munyaka
Jumapili, 16 Februari 2025

Shemeji,

Natumaini homa imeondoka kwa mafundi wako na haijaingia kwako. Sisi tu wazima.

Tumefungua leo saa tisa, tukiwa wanne: mimi, Leonida, Walubengo na Brigid aliyetupa meza. Leonida alisoma, Walubengo akafunua.

Kifaru, ikawa Kifaru. Daraja, ikawa Daraja. Mlinzi, Mlinzi. Walubengo alianza kutabasamu. Leonida akasoma Daktari. Walubengo akafunua Mzinga.

Tukasimama. Nikasema tuendelee. Leonida akaruka Daktari, akasoma Mzinga, na kutoka hapo, shemeji, kila kadi ilifuata orodha yako hadi Kunguru wa mwisho. Walubengo alipofika hapo alisema, "Ni kweli niliongea mambo ya chapati." Brigid akajishika kichwa.

Lakini ziko ishirini na moja. Leonida amehesabu mara mbili, Walubengo mara moja, mimi mara moja. Daktari hayumo.

Hoja yako ya makapi niliwasomea. Imewaingia, hata mimi imeniingia. Kama ningehukumu kwa hiyo peke yake tangazo lingeshuka leo. Lakini siwezi kuandika kwenye faili kwamba hesabu ilisema ishirini na mbili, tukakuta ishirini na moja, tukafunga daftari. Kadi moja imetoka wapi, imeenda wapi? Nieleze.

Shemeji wako,
Okeyo


Huruma
Jumatatu, 17 Februari 2025

Shemeji,

Salamu zitangoja.

Arobaini toa tano toa mbili ni thelathini na tatu. Thelathini na tatu toa kumi na moja ni ishirini na mbili. Nionyeshe mwalimu mwenzako yeyote atakayepata ishirini na moja hapo.

Kadi ishirini na moja zimefuatana na moja imetoweka katikati. Bahasha imekaa kabatini mwako wiki mbili. Ufunguo, umeandika mwenyewe, unao wewe. Mimi sitaji mtu. Nasema tu kwamba mimi nimeitwa mwizi kwa kujua kadi zangu, na aliyelala na bahasha haulizwi kitu.

Gichuru


Munyaka
Jumatano, 19 Februari 2025

Shemeji Gichuru,

Hujaniuliza hali, lakini niko salama.

Sahihi zilikuwa nzima kwenye gundi. Leonida alizipiga picha kabla hatujachana, na picha nimempa Ciru akuonyeshe.

Nina ombi moja tu. Kadi za mkononi na zilizotumika uko nazo wewe. Kama bahasha ingekuwa na ishirini na mbili, kwako zingekuwa kumi na nane. Zihesabu.

Shemeji wako,
Okeyo


Huruma
Jumamosi, 8 Machi 2025

Shemeji Okeyo,

Pokea salamu zangu, na zile za barua iliyopita ambazo sikuzitoa. Natumaini mko wazima wote wawili. Nimesikia kwa Ciru kwamba mmeanza kulima kile kipande nyuma ya nyumba. Mvua haiko mbali, fanyeni haraka.

Siku kumi na saba zimepita. Usidhani nilichelewa kuhesabu. Nilihesabu jioni ileile barua yako ilipofika, kwa meza ya kukatia ngozi. Zilikuwa kumi na tisa.

Nikazihesabu tena kwa kuzipanga mistari ya tano tano. Kumi na tisa. Daktari alikuwa hapo, kwa zile zilizotumika, na chini yake alikuwa Mjumbe.

Nilipomwona Mjumbe nikakumbuka yote. Zamu ya nane. Walubengo alikuwa amenichoma askari watatu na nilihitaji kuwaponya. Daktari nilikuwa nimemkataa zamu ya nne, sikuwa na mgonjwa wakati huo. Nikacheza Mjumbe. Kwa faili: Mjumbe si kama Ungo. Ungo unakuonyesha tatu za juu tu, na mpangilio wa rundo unabaki. Mjumbe anakuruhusu kufungua rundo lote, kutafuta kadi yoyote, na kuichukua. Na kwa sababu umeona kila kitu, kanuni ya sita inasema ukimaliza lazima rundo lichanganywe.

Nilimchukua Daktari kutoka kule chini, nikamcheza palepale. Ndiyo maana idadi ilipungua moja na zamu hazikuvurugika. Na rundo halikuchanganywa. Lingekuwa limechanganywa, zile kadi ishirini na moja hazingefuatana hivyo, hata ningekuwa na mizimu ya ukoo mzima. Orodha yangu niliyoiringia ndiyo inanishuhudia.

Kwa nini sikuchanganya? Walubengo aligonga. Nakumbuka vidole vyake viwili juu ya rundo langu, tap tap, vile sisi sote tunafanya mwenzako akitoka kutafuta: "Endelea, nakuamini." Nani kwa klabu yetu huchanganya akigongewa? Kuchanganya baada ya kugongewa ni kama kumhesabia mtu chenji mara ya pili akikuangalia. Lakini kanuni ya sita haisemi "isipokuwa akigonga". Najua, kwa sababu mwandiko wa kanuni ya sita ni wangu.

Siku nilizonyamaza nilikuwa nafikiria hivi. Hakuna mwingine aliyemkumbuka Mjumbe. Wewe hukumtaja, Walubengo hakumtaja. Ningesema, Daktari ameanguka chini ya meza siku ya fainali, fagieni huko kwa Brigid. Brigid angefagia, asingempata, na mngesema hewala, kadi huanguka. Hoja ya makapi mlikuwa mmeshaikubali. Tangazo lingeshuka.

Nilijaribu hata kuiandika hiyo barua. Nilifika mahali pa hesabu ikanikwama. Kumi na tisa na ishirini na moja ni arobaini. Inatimia. Siwezi kukaa na hesabu iliyotimia na kuandika kwamba haijatimia.

Kwa hivyo andika: Gichuru hakuchanganya baada ya Mjumbe. Hilo nakiri. Sikupanga kadi, sikudanganya mtu, na hilo silikiri leo wala mwaka ujao. Niliyoyasema juu ya ufunguo wako nayafuta. Usiyaweke kwa faili, tafadhali. Au yaweke. Ni haki yako.

Sasa hukumu ni yako. Mimi nimetoa kila kadi.

Shemeji yako,
Gichuru


Munyaka
Jumapili, 16 Machi 2025

Shemeji Gichuru mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Tumepanda maharagwe mistari sita, dada yako anasema ni mitano na nusu.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nikaketi nikaisoma tena. Siku ya pili yake nilimtafuta Walubengo kazini kwake. Nilimuuliza swali moja bila kumwonyesha karatasi: zamu ya nane, Gichuru alipomaliza kutafuta, ulifanya nini? Akafikiria. Akasema, "Niligonga. Mimi hugonga. Kwani wewe hugongi, mwalimu?" Mimi pia hugonga. Nimegonga kwenye fainali mbili.

Alijua anachosema, shemeji. Alijua kombe liko kwake na maneno hayo yanaweza kulitoa. Akaniandikia na sahihi.

Hukumu ni hii, na imeshasomwa leo mbele ya watu wote kabla haijabandikwa:

"Rufaa ya Gichuru imekubaliwa. Hakukuwa na udanganyifu. Kulikuwa na kosa la kutochanganya rundo baada ya kutafuta, na kosa hilo ni la wachezaji wote wawili. Kifungo kimeondolewa. Fainali imefutwa na itarudiwa Jumapili ijayo. Kuanzia leo kugonga si kuchanganya."

Aloo aliuliza kama sasa tutakuwa tunachanganya kila mara, na mchezo utaisha lini. Leonida akamwambia, "Utaisha ukifunga mdomo."

Najua neno "kosa" halitakupendeza. Liko hapo kwa sababu ni kweli, na wewe ndiye uliyenionyesha.

Sasa kuna kosa ambalo haliko kwenye tangazo. Siku ile ya fainali ningekuwa nimepata kesi hiyo kwa mtu mwingine, ningekaa chini. Ningemuuliza zamu kwa zamu. Tungemfikia Mjumbe kwa dakika kumi na mambo yangeisha palepale. Lakini nilisikia watu wakinong'ona nyuma yangu, "Ngoja uone, ni shemeji yake." Nikataka waone kwamba sipendelei. Nilikuhukumu kwa dakika moja, na dakika hiyo haikuwa ya haki. Ilikuwa ya kujionyesha. Nimekuwa nikijiambia mwezi huu wote kwamba nilikuwa mkali kwa sababu ya kanuni. Naomba msamaha, kama mwamuzi, na zaidi kama mtu uliyemsemea mbele ya wazee wenu.

Fainali ya marudio ataamua Leonida. Mimi sitakuwepo ukumbini, ili asiwepo wa kunong'ona. Utaniandikia jinsi ilivyokwenda.

Shemeji wako,
Okeyo


Huruma
Jumatatu, 24 Machi 2025

Shemeji Okeyo,

Mko aje huko, na maharagwe? Sisi tuko salama, mvua ya Alhamisi iliingia kwa karakana ikalowesha mikanda, lakini ngozi tuliokoa.

Barua yako nimeiweka. Sitairudia hapa, tumeelewana. Neno "kosa" nililitazama siku mbili nikalizoea.

Uliomba nikueleze jana ilikwendaje. Walubengo ameshinda, zamu ya kumi na moja. Ungo wangu ulikataa kutokea hadi zamu ya tisa. Kadi tatu kwa arobaini, kukosa zote kwa kumi na tatu za kwanza, ni kama tatu kwa kumi. Si mkosi, ni kitu kinachotokea. Nilivuta moja moja kama watu wengine, nikapokea nilichopewa, na nilichopewa kilikuwa kibaya. Ulipokuja nilikuwa nimeshavunjiwa malango mawili. Niliupepeta mara mbili, haukuwa na la kuokoa. Zamu ya saba nilicheza Mjumbe, nikatafuta Mlinzi badala ya Ungo kwa sababu lango lilikuwa linavunjwa, nikachanganya. Walubengo naye akachukua rundo akachanganya tena, polepole, akiniangalia, hadi Brigid akauliza kama tunapiga siagi.

Nilimpa mkono. Akasema, "Mzee, ungeupata mapema ungenimaliza." Nikasema najua.

Aloo akapaza sauti kutoka nyuma, "Gichuru! Leo hukutabiri?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na haikuniuma mahali.

Halafu nikakusanya kadi zangu. Kulikuwa na watu ishirini na sita mle ndani, niliwahesabu. Nilizikusanya mbele yao wote, za mkononi, zilizotumika na zilizobaki, nikazifunga na mpira nikazitia mfukoni. Hakuna hata mmoja aliyeomba kuziangalia.

Shemeji yako,
Gichuru